Kiti maalum au kura za wadi? Mama wa Huruma anataka kuingia Bunge la Kaunti 2027

Mkazi wa Mathare:
Habari zenu. Kuna mama hapa Huruma, Nairobi, mwenyekiti wa chama cha akina mama cha kuweka akiba, tunayetaka awe MCA, yaani mjumbe wa bunge la kaunti, 2027. Wengine wanamshauri atafute kiti maalum, kile cha kuteuliwa kupitia orodha ya chama cha siasa, eti kupigania wadi Mathare ni kujitafutia maumivu. Jina huingiaje kwenye orodha? Na aliyeteuliwa ana nguvu sawa na aliyechaguliwa?

Wakili Mtaani:
Anza na hesabu, ndugu. Kifungu cha 177 cha Katiba ya Kenya hakiruhusu jinsia moja kuzidi thuluthi mbili ya bunge la kaunti. Nairobi ina wadi 85. Tuseme wanaume wameshinda 80, wanawake 5. Ili hao 80 wasizidi thuluthi mbili, lazima wajumbe wafike 120, basi wanawake 35 wanaongezwa. Wanawake wakishinda wadi 10, nyongeza inashuka hadi 28.

Viti hivyo vinagawiwa vyama kwa idadi ya wadi vilizoshinda. Chama chenye wadi 34 kitapata 14 kati ya 35. Mama akiwa wa 15, amebaki nje huku chama kikisherehekea. Kwa hiyo asiridhike kuambiwa "umo kwenye orodha". Aulize: wa ngapi?

Orodha hufika IEBC, tume ya uchaguzi, angalau siku 45 kabla ya kura, yaani mwishoni mwa Juni, maana kura ni Agosti 10. Hapo ndipo majina huhamishwa usiku. Adai nakala yenye muhuri wa chama. Akishushwa, alalamike mara moja: ndani ya chama, kisha kwenye Jopo la Mizozo ya Vyama vya Siasa. Jina la mwingine likishachapishwa kwenye Gazeti Rasmi, Mahakama ya Juu ilishaamua 2016 kwamba kilichobaki ni kesi ya uchaguzi, na unayo siku 28 tu.

Mfuatilia Bajeti:
Kura yake ukumbini ni sawa kabisa na ya aliyechaguliwa. Tofauti iko kwenye miradi, maana pesa za maendeleo hupangwa kwa wadi na yeye hana wadi. Wengi wa viti maalum husahaulika kwa sababu hiyo.

Nguvu yake itoke kwenye kamati. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kufikia Septemba 1, waraka wa mikakati ya fedha Februari 28, makadirio ya bajeti Aprili 30. Waraka wa Februari bunge lina siku 14 tu kuupitisha, na ndio unaoweka kiwango cha kila idara. Ukingoja Aprili, unagawana makombo.

Na asome kila mstari. "Ukarabati wa mitaro, Huruma" ni mstari mbovu, maana hautaji mtaro upi, unaanzia wapi, unaishia wapi. Pesa hizo zinaweza kutumika popote na hakuna wa kuulizwa. Adai mahali patajwe na kiasi kiandikwe.

Mkazi wa Mathare:
Asante sana. Na akiamua kwenda kwa wananchi moja kwa moja?

Wakala wa Kituo:
Mimi ningemsukuma huko. Wanawake waliochaguliwa wadi nchini walikuwa 96 mwaka 2017, wakawa 115 mwaka 2022, kati ya wadi 1,450. Ni wachache mno, na hawataongezeka wote wakipanga foleni ya uteuzi.

Ada ya IEBC kwa mwanamke ni shilingi 2,500, nusu ya kawaida. Akiwa mgombea huru, anahitaji wapiga kura 500 wa wadi hiyo wamuunge mkono, na awe ametoka kwenye chama cha siasa angalau miezi mitatu kabla ya kura. Akague mapema rekodi za Msajili wa Vyama, kwani wengi hujikuta wamesajiliwa kwenye chama bila kujua. Akusanye sahihi 700, maana zingine zitakataliwa.

Siku ya kura, kila kituo kiwe na wakala mwenye barua na kiapo, asiyeondoka kabla ya Fomu 36A, ya matokeo ya kituo, kujazwa na kusainiwa. Apige picha fomu nzima, mpaka sahihi za chini. Makosa mengi hutokea tarakimu zinapohamishwa kwenda Fomu 36B, ya jumla ya wadi, 118 ikageuka 181. Ukiwa na picha zote, unajumlisha mwenyewe na kupinga palepale kituo cha kujumlishia, kabla mshindi hajatangazwa.

Wakili Mtaani:
Naunga mkono. Ila kiti maalum si mwisho wa safari. Beatrice Elachi aliingia Seneti 2013 kwa uteuzi, akashindwa Dagoretti Kaskazini 2017, akawa Spika wa Bunge la Kaunti ya Nairobi mwaka huohuo. Wajumbe walimng'oa 2018, akarudi, akajiuzulu 2020, na 2022 akachaguliwa mbunge wa palepale Dagoretti Kaskazini. Mama akiteuliwa, afungue ofisi Huruma wiki ileile.