Ghuba ya Uajemi au Ghuba ya Uarabuni: mfasiri aandike lipi, na kwa nini Wairani wa ughaibuni hawalinyamazii jina hili?

Mfasiri wa Tanga

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Ninafasiri kijitabu cha historia ya safari za majahazi kati ya pwani yetu na bandari za kaskazini. Mteja wangu, kampuni moja ambayo sitaitaja, amenirudishia rasimu akitaka kila nilipoandika "Ghuba ya Uajemi" niweke "Ghuba ya Uarabuni". Nilipopendekeza tuandike "Ghuba" peke yake ili yaishe, aliridhika, lakini mfasiri mwenzangu wa Kiirani aishiye Sweden, ambaye hunisaidia maneno ya Kifarsi, aliniandikia barua ndefu ya masikitiko akiniomba nisikubali. Dada huyo aliondoka kwao akiwa mtoto, hawezi kurudi, na sijapata kumsikia akiisemea vizuri serikali ya Tehran hata mara moja. Kwa nini, basi, jina la bahari limguse kiasi hicho? Na mimi niandike nini ambacho nitaweza kukitetea mbele ya mteja na mbele yake pia?

Mzee wa Matrah

Wa alaykum salaam, mwanangu. Mimi ni mzaliwa wa Unguja, nimekaa Oman tangu miaka ya 1970, na nitaanza na jambo ambalo huenda mteja wako hakuliangalia. Maskati na Matrah hazimo katika ghuba hiyo. Sisi tunapakana na Bahari ya Oman. Ghuba unayoizungumzia iko ndani ya Mlango wa Hormuz, na katika ardhi yote ya Oman ni rasi ya Musandam peke yake inayoigusa. Jahazi lililong'oa nanga Sur au Maskati likashuka na kaskazi hadi Mombasa halikupita humo kabisa, kwa hiyo ukipitia upya rasimu yako utakuta kwamba pengine mahali pengi jina hilo halikuhitajika.

Kuhusu jina lenyewe, huku katika mazungumzo watu husema "Khaliji" tu, na katika magazeti na vitabu vya shule vya nchi za Kiarabu huandikwa "al-Khalij al-Arabi", yaani Ghuba ya Uarabuni. Jina hilo lilienea katika miaka ya 1950 na 1960, zama za Gamal Abdel Nasser, rais wa Misri, wakati wito wa umoja wa Waarabu ulipokuwa na nguvu. Sipendi wanaolitumia waitwe wazushi, kwa sababu nchi saba kati ya nane zinazopakana na maji hayo ni za Kiarabu, na watoto wao wamelelewa nalo. Lakini ukweli usemwe: jina kongwe katika Kiarabu chenyewe ni "Bahr Fars", yaani Bahari ya Uajemi. Al-Istakhri na Ibn Hawqal, wanajiografia wa karne ya 10, walilitumia, tena walilitandaza juu ya bahari yote hii hadi pwani ya Zanji, maana yake kwa hesabu yao hata sisi tulikuwa watu wa Bahari ya Fars. Nayo "Ghuba ya Arabuni" ya Wagiriki na Warumi wa kale ilikuwa ni Bahari ya Shamu. Waturuki mpaka leo wanaiita Ghuba ya Basra.

Mimi ningeandika majina yote mawili, la pili kwenye mabano, ili pasiwe na atakayevunjika moyo.

Binti wa Kisauni, Toronto

Shikamoo, mzee wangu. Nimefaidika na maelezo yako, lakini juu ya mabano naomba nikupinge kwa heshima, kwa kuwa mabano ndiyo yaliyowasha moto mkubwa kuliko yote katika suala hili.

Mwaka 2004 National Geographic ilitoa toleo la 8 la atlasi yake ya dunia, na chini ya jina la Ghuba ya Uajemi ikaweka kwenye mabano jina la Kiarabu. Serikali ya Iran iliipiga marufuku, lakini kazi kubwa ilifanywa na Wairani waliotawanyika Marekani, Kanada na Ulaya, ambao waliandika barua, wakakusanya saini kwenye intaneti, na kuwaendea wahariri kwa hoja za ramani za kale. Kabla ya mwaka huo kwisha wachapishaji waliyaondoa mabano yale, na badala yake wakaweka maelezo kwamba kihistoria na kwa kawaida maji hayo hujulikana kwa jina la Uajemi, na kwamba wapo wanaoyaita kwa jina la Uarabuni. Wakati huohuo mwanablogu mmoja wa Kiirani alitengeneza ukurasa ulioiga ule unaotokea kompyuta inaposhindwa kupata kitu, ukisema kwamba ghuba unayoitafuta haipo, jaribu Ghuba ya Uajemi. Watu walisambaza kiungo chake kwa wingi hata aliyetafuta jina la Kiarabu kwenye Google akawa anakutana nao kwanza.

Ninaishi jirani na watu hawa, nimekula Nairuzi, sikukuu yao ya mwaka mpya, nyumbani kwao miaka mingi, nami nimejiuliza swali lako mara nyingi. Wamegawanyika vibaya. Wamo wanaotaka ufalme urudi, wanaotaka jamhuri isiyo ya kidini, watu wa mrengo wa kushoto, na wengine waliochoshwa na siasa zote. Wapo ambao hawawezi kuketi kwenye sherehe moja. Bendera ni ugomvi, wimbo wa taifa ni ugomvi, hata tarehe za kukumbuka ni ugomvi. Jina la ghuba hii ni katika mambo machache sana ambayo wote wanaweza kuyatia saini bila kuulizana wewe ni wa upande gani. Mei 2025, iliporipotiwa kwamba Rais Trump alikuwa akifikiria kutangaza jina la Kiarabu katika ziara yake ya Saudi Arabia, Qatar na Falme za Kiarabu, waliopinga walikuwa waziri wa mambo ya nje wa Iran na Reza Pahlavi, mwana wa mfalme aliyepinduliwa, watu ambao hawakubaliani katika lolote jingine. Ziara ikaisha bila tangazo hilo.

Kuna na jambo la pili, ambalo naliona kwa watoto wao waliozaliwa hapa. Mtu aliye Bushehr au Bandar Abbas, bandari za Iran kwenye ghuba hiyo, hahitaji ramani imwambie yuko wapi. Anayaona maji dirishani na anayaita kama bibi yake alivyoyaita. Mtoto wa Toronto anayajua maji hayo kwa ramani ya darasani na kwa simu yake tu. Jina likibadilishwa pale, kwake limebadilika kila mahali. Ndiyo maana walioko mbali hupiga kelele zaidi, na ndiyo maana wanawaendea wachapishaji na kampuni za ramani kabla ya kuziendea serikali. Mwaka 2008 Google ililazimika kueleza hadharani kwamba katika programu yake ya Google Earth inafuata majina yanayotumiwa na nchi zenye pwani, na mwaka 2012 ramani yake ilipoonekana haina jina lolote mahali pale, ghadhabu iliyozuka haikuwa ndogo kuliko ile ya mabano.

Kwa hiyo, ndugu Mfasiri, ulipomwandikia rafiki yako kwamba utaacha "Ghuba" peke yake, wewe uliona umekaa katikati. Yeye aliona ramani ileile isiyo na jina.

Nisieleweke kwamba wanalofanya ni sawa siku zote. Nimesikia maneno ya kuwadharau Waarabu yakisemwa kwa kisingizio cha kulitetea jina hili, na yameniuma, maana mimi mwenyewe nina damu ya Hadhramaut. Serikali zao nazo zimelitumia vibaya: Michezo ya Mshikamano wa Kiislamu iliyokuwa ifanyike Tehran mwaka 2010 ilifutwa kwa sababu ya jina hili kuandikwa kwenye medali, na wanamichezo wasiohusika wakakosa mashindano.

Mhariri Mstaafu

Nitasema machache juu ya Kiswahili, maana ndicho kinachofasiriwa. "Uajemi" halikutungwa Tehran. Limetoka kwenye neno la Kiarabu "ajam", yaani asiye Mwarabu, na tulilipokea kwa Waarabu wenyewe. Mteja akisema unaipendelea Iran, mweleze hilo. Kwetu jina hili limekaa pamoja na Washirazi wa Unguja na Pemba, na Shiraz ndiyo makao makuu ya mkoa wa Fars, uliozipa bahari hiyo na lugha ya Kifarsi majina yao. Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa nayo ilitoa maelekezo mwaka 1994, na tena mwaka 1999, kwamba katika nyaraka zake jina la kawaida ni Ghuba ya Uajemi. "Nchi za Ghuba" kwa maana ya zile nchi sita za Baraza la Ushirikiano la Ghuba, lililoundwa mwaka 1981, ni sawa kabisa na halimuudhi mtu. Ugomvi uko kwenye maji.

Mfasiri wa Tanga

Nawashukuru sana, na wewe mzee wangu wa Matrah kwa namna ya pekee, kwani nimehesabu upya: jina lilitokea mara 31, na mara 19 kati ya hizo nilipaswa kuandika "Bahari ya Oman". Katika zile 12 zilizobaki, zinazohusu Siraf, Hormuz, Basra na Bahrain, nitaandika "Ghuba ya Uajemi", na maelezo ya mtafsiri chini ya ukurasa wa kwanza yatasema kwamba nchi za Kiarabu huyaita maji hayo kwa jina jingine. Mabano sitaweka. Mteja nimempelekea hoja ya "ajam" leo asubuhi, naye amejibu kwamba atalitafakari. Rafiki yangu wa Sweden ameomba aisome ile tanbihi kabla haijachapishwa, na nimemkubalia.