Manesi wenye migongo mibovu, tupeane uzoefu

Leo nimeinama kuvaa soksi nikagandia hapohapo, mtoto ndo kaja kuninyanyua. Miaka 14 wodini. Nyie wenzangu, mgongo wenu ulianzia wapi na mnaishi nao vipi?

Mama Pacha: Soksi tena? Pole shosti, mi hata kupiga chafya najishikilia ukutani 😂

Nesi wa Naiti: Umenikumbusha mbali. Tuko wawili wodi nzima, mwenzangu kaitwa leba, mi namtoa mgonjwa wa kiharusi kitandani nimuweke kwenye kiti cha magurudumu, baba wa mwili haswa, na kile kiti breki moja ilishakufa zamani tunazuiaga na mguu, siku hiyo mguu nikasahau. Kiti kikarudi nyuma, mzee kanikaba shingo, nikasikia kitu ta! kiunoni. Tukashuka wote mpaka sakafuni. Ananiuliza "sista umeumia?" sauti haitoki. Asubuhi mguu wa kushoto ganzi mpaka kidole gumba, kupima, diski kati ya L4 na L5, zile pingili mbili za chini kiunoni, imetoka inabana neva. Miezi mitatu nje. Inchaji akataka niandike "aliteleza".

Bandeji: Ila mgonjwa akianguka hadakwi. Unakaa nyuma yake, unatanguliza mguu, anateleza pajani mpaka chini.

Nesi wa Naiti: Haya mwalimu. Ulikuwepo?

Bandeji: Sijasema kwa ubaya.

Mama Pacha: Umesema kwa ubaya.

Kanula Pinki: Ile "kunja magoti, nyoosha mgongo" wanayotuambiaga ni ya kubeba maboksi, boksi halikukabi shingo. NIOSH, taasisi ya usalama kazini ya Marekani, wanasema kumnyanyua mgonjwa kwa mikono mwisho kama kilo 16, tena awe ametulia. Mtu wa kilo 100 mguu wake mmoja tu unakaribia hapo! Pandisha kitanda kifike kiunoni kabla hujagusa kitu, hata kama unaweka kanula tu, kile kimrija cha dripu. Kumvuta mgonjwa juu kitandani, laza kwanza kichwa cha kitanda, shuka la kugeuzia, watu wawili, mhesabu pamoja.

Zamu Mbili: Kitanda chetu mkono wa kuzungushia haupo tangu niajiriwe.

Mama Pacha: Mi navaa mkanda wa mgongo.

Kanula Pinki: Mkanda hauzuii kuumia.

Mama Pacha: Unanizuia kulia, inatosha.

Bandeji: Ila mkojo ukigoma au ganzi ikifika sehemu za siri, kimbia hospitali siku hiyohiyo.

Zamu Mbili: Tupo hospitali saa hizi 😂

Jamani, na soksi?

Nesi wa Naiti: Kaa, mguu juu ya goti. Ukishindwa vaa ndala.