Hii -1 ya JavaScript imemfukuzisha dada wa watu kazi, halafu mnaifundisha kwa sekunde tano!!

Wakuu salaam.

Naandika saa nane usiku na hasira zangu sijazimaliza. Mods msiuhamishie uzi huu jukwaa la wanaoanza, mimi si mwanafunzi. Nina miaka sita naandika kodi (za kompyuta, za TRA sina ugomvi nazo leo) na huu upuuzi umenipita mbele ya macho yangu mwenyewe.

Kisa kiko hivi. Kuna duka la vifaa vya ujenzi pembezoni mwa Dar, sitalitaja. Mzee mwenye duka anauza saruji, nondo, mabati na mabomba, na nusu ya wateja wake ni mafundi wanaochukua mali kauli: beba leo, lipa ukishalipwa na tajiri yako. Akaniita nimtengenezee mfumo wa mauzo na madeni. Nikatengeneza, kwa JavaScript, lugha ya kuandikia programu. Fundi akikopa, jina lake na namba ya simu vinaingia mwisho wa orodha. Akilipa, mfumo unatafuta yuko nafasi ya ngapi kwenye orodha, unamtoa. Mistari miwili tu, wa kwanza (findIndex) unatafuta nafasi yake, wa pili (splice) unamtoa:

const mahali = madeni.findIndex(d => d.simu === simu);
madeni.splice(mahali, 1);

Itazameni vizuri. Siku naiandika nilijiona fundi kweli kweli.

Mwisho wa mwezi wa kwanza hesabu ikagoma. Mzigo umetoka, pesa haijaingia, na kwenye orodha hakuna anayedaiwa huo mzigo. Kama laki tatu hivi. Mzee akaangalia nani anashinda na mfumo kutwa nzima: dada wa kaunta. Akamkata mshahara. Mwezi wa pili ikapungua tena, akamkata tena. Mwezi wa tatu jumla ilipofika Sh 1,860,000 akamwambia kwamba anafutia jamaa zake madeni, abaki nyumbani.

Kabla ya kumfukuza, mzee alinipigia simu. Nampa sifa yake, aliuliza swali sahihi kabisa: "Kijana wangu, huu mfumo unaweza ukamfuta mtu wenyewe?" Nikamjibu kwa kifua, "Hapana mzee, kompyuta haifuti mpaka mtu abonyeze." Wakuu, hilo jibu ndilo limeninyima usingizi leo.

Sasa dada alikuwa na kaunta buku. Mimi mwenyewe nilimwambia aachane nayo, dunia imehama. Hakuachana nayo. Wiki iliyopita akanitumia picha za kurasa kumi na kitu WhatsApp, na maneno haya chini: "Kaka, wanaopotea ni wa mwisho tu. Mtu akilipa keshi hapotei mtu. Akilipa kwa simu, yule aliyeandikwa mwisho anapotea." Hajasoma programu hata siku moja. Tangu nianze kazi hii sijawahi kupokea ripoti ya kasoro iliyonyooka namna hiyo, na nimefanya kazi na watu wenye vyeti ukutani.

Nikafungua kodi. Dakika nne nikaiona.

Kwa keshi, dada anachagua jina kwenye kioo cha kompyuta, kwa hiyo namba inakuja kama ilivyosajiliwa, inaanza na 07. Kwa simu, ananakili namba kutoka kwenye meseji ya muamala, nayo inakuja na 255 mbele. Kwangu na kwako ni mtu mmoja. Kwa ===, alama ya kulinganisha, ni watu wawili wasiojuana. findIndex inazunguka orodha nzima, haimwoni, inarudisha -1. Halafu splice inaipokea ile -1, na splice ukiipa namba hasi inahesabu kutokea nyuma. Kwake -1 ni wa mwisho. Inamtoa wa mwisho, bila hata kukohoa, na kioo kinaandika kwa kijani: Malipo yamepokelewa. Hayo maneno ya kijani pia niliyaandika mimi.

Kwa hiyo aliyelipa anaendelea kudaiwa, na aliyekopa asubuhi ya leo anasamehewa. Aliyelipa akisumbuliwa anakuja juu na meseji yake, dada anamwomba radhi, anamtoa upya kwa kumchagua jina, yanaisha. Na aliyesamehewa? Lini umesikia mtu kapiga simu dukani kulalamika kwamba deni lake limefutwa? Ndiyo maana kasoro ikaishi miezi mitatu. Nusu yake dada alikuwa anaifagia kwa mikono yake mwenyewe, nusu nyingine ilikuwa inakula ugali kwake imetulia.

Sasa malalamiko yangu, na nayasema kwa herufi kubwa: LUGHA MOJA, AREI (ORODHA) MOJA, NAMBA MOJA, MAANA TATU.

indexOf (nayo inatafuta nafasi) na findIndex zikisema -1, maana yake hayupo. splice na slice zikiambiwa -1, zinaelewa wa mwisho. Ukiandika madeni[-1] unaletewa undefined, yaani hakuna kitu hapo. Na kwenye toleo la 2022 wakaongeza at, ambayo ukiipa -1 inakuletea wa mwisho, tena ikapigiwa vigelegele. Hii ni ofisi yenye madirisha matatu. Dirisha la kwanza wanakugongea muhuri wa "hayupo", unaupeleka dirisha la pili, wao muhuri uleule wanausoma "mtoeni aliye mwisho wa foleni". Na anatolewa kweli!

Kwani lazima "sijampata" iwe namba? Ukimtuma mtoto akaangalie kama dukani kuna chumvi, asipoikuta harudi na chumvi hasi kilo moja. Anarudi anakwambia, mama, hakuna.

Najua historia, msinichoshe nayo. Kwenye lugha ya C kazi (function) inarudisha thamani moja, na wito wa mfumo kwenye Unix, programu endeshi ya zamani, ukishindwa unarudisha -1. Java ikaweka -1 kwenye indexOf ya maandishi, JavaScript nayo ikafuata njia hiyo. Sawa, zamani zile. Lakini indexOf ya arei iliingia kwenye kiwango rasmi mwaka 2009. Wakati huo splice ilikuwa tayari inakula namba hasi! Walikuwa na nafasi ya kukaa kitako na kuulizana. Mwaka 2015 wakaleta findIndex, nafasi ya pili hiyo, wakarudia yaleyale. Toleo hilohilo lilileta find, ambayo isipopata inarudisha undefined. Kumbe walijua namna nyingine ya kusema hakuna.

Halafu kuna mtego wa pili, ambao haukuniuma safari hii ila umewauma wengi humu na mnanyamaza. Ukiandika if (orodha.indexOf(jina)) ukidhani unauliza "yupo?", wa kwanza kabisa ana indeksi (namba ya nafasi) 0, maana kuhesabu kunaanzia sifuri, na 0 kwenye if ni siyo. Asiyekuwepo ana -1, na -1 kwenye if ni ndiyo. Umejiajiria mlinzi wa getini anayemzuia aliyeandikwa juu kabisa ya orodha na kumfungulia mtu ambaye jina lake halimo. Na kuna wajuaji wanaoweka alama ya ~ mbele ili -1 igeuke 0, wanaita ujanja. Mwaka 2016 ililetwa includes inayojibu ndiyo au siyo, itumieni jamani. Hata NaN (thamani ya "si namba") inaiona, ambayo indexOf haiioni hata ikiwa imekaa mbele yake.

Kuhesabu kuanzia sifuri sina tatizo nako. Dijkstra, mwanasayansi wa kompyuta, aliandika hoja zake mwaka 1982 na zinaeleweka. Sisi saa moja yetu wenzetu wanaiita saa saba na hatujawahi kuchelewa kazini kwa sababu hiyo (kwa sababu nyingine, ndiyo). Kuanzia popote sawa. Ninachokataa ni jibu la "hakuna" kuvaa nguo za "yupo".

Na watu wa PHP, lugha nyingine ya programu, msije kunicheka. array_search yenu isipopata inarudisha false (siyo), ikimpata wa kwanza inarudisha 0, na kwa == hivyo viwili ni kitu kimoja. Kabla ya toleo la 8, lile la 2020, ulikuwa ukitafuta 0 kwenye orodha yenye majina tu inakwambia imempata, Juma, wa kwanza pale. Usipoweka true (linganisha kwa ukali) mwishoni umejichongea. Lugha ya Python ina afadhali, index ya orodha isipopata inarusha kosa, ValueError, na programu inasimama pale pale. Ila find ya maandishi bado inarudisha -1, na Python nayo -1 ni wa mwisho, kwa hiyo mtego ni uleule umehamishiwa chumba cha pili. Hata MATCH, fomula ya kutafuta ya Excel, usipojaza sehemu ya tatu inakuchukulia kwamba umepanga safu yako kuanzia ndogo, na isipoipata yako inakupa ya karibu chini yake. Ya karibu! Nani aliomba ya karibu?

Watu wa lugha ya Rust ndio waliokaa wakafikiri. position inakupa kifurushi: ama kuna namba ndani, ama hakuna kitu, na ukikitumia kama namba bila kukifungua kodi haijengeki. Haikuachii upeleke "hakuna" kwa mtu mwingine kama namba.

Lakini hasira yangu kubwa ni kwa walimu, na wa video ndio zaidi. Nimerudi leo nikatazama nilikojifunzia. Orodha ni embe, ndizi, chungwa. Tunatafuta ndizi, tunapata 1. "Isipokuwepo tunapata -1, tuendelee." Tuendelee wapi?! Kila siku tunatafuta ndizi na kila siku ndizi ipo. Hakuna somo hata moja kati ya niliyotazama ambalo mtu anatafuta nanasi, anapata -1, halafu anaonyeshwa kinachotokea akiipeleka mbele. Ndiyo sisi tunaokuja kuandika mifumo ya madeni ya watu.

Nilivyorekebisha, kwa atakayehitaji. Namba zote zinageuzwa kuwa 255 mlangoni, kabla hazijaingia popote. Halafu katikati ya ile mistari miwili:

if (mahali === -1) throw new Error('Hayupo kwenye orodha: ' + simu);

Mstari mmoja huo: asipopatikana, programu inasimama na kusema. Nimeugawanya kwa Sh 1,860,000 kichwani mara nyingi mno usiku huu.

NYONGEZA 1: Mnaosema ningetumia filter (inayobakiza wote isipokuwa mwenye namba hiyo), kweli asiyekuwepo hafuti mtu. Lakini aliyelipa angebaki anadaiwa kimyakimya, kijani kikiwaka vilevile. Mimi nataka ipige kelele.

NYONGEZA 2: Mkuu uliyeandika "mtu mzima anaweka madeni kwenye arei, hifadhidata kaiba nani", tusi nimelipokea. Duka lina laptopu moja na umeme wa kubahatisha, orodha nikaiweka kwenye faili. Ni kweli DELETE yenye WHERE, amri ya hifadhidata ya kufuta mwenye namba fulani, isingemgusa mtu, ingesema mistari 0. Hapo umenipiga.

NYONGEZA 3: Mnaouliza kuhusu mzee. Nilikwenda juzi, nikamweleza yote, nikamwonyesha kwenye kioo fundi anavyopotea. Akanyamaza muda mrefu, akaniuliza, "Kwa hiyo binti wa watu alikuwa anasema kweli?" Mshahara aliokatwa ameurudisha wote. Mafundi waliofutwa tumewapata kwenye kaunta buku, mmoja alikuja mwenyewe hata kabla hajapigiwa, wawili wanasema hawakumbuki.

NYONGEZA 4: Dada hajarudi kazini. Pesa alipokea. Mzee amempigia, mimi nimepiga mara tatu, hapokei. Kaunta buku alimpa mdogo wake aniletee, ninayo hapa mezani.