Mchanga upi unamfaa paka anayeishi ndani ya ghorofa?

Mkaazi wa Upanga:

Habari zenu wanajukwaa. Tumehamia Dar es Salaam, ghorofa ya nne, tukitokea Tanga, ambako paka wetu alikuwa akijisaidia kwenye udongo tifutifu chini ya mwembe wala hatukuwahi kuwaza kumnunulia choo. Ni dume aliyehasiwa, ana umri wa miaka minne. Nilimtafutia beseni lenye kifuniko pamoja na mfuko wa chembe nyeupe za silika zenye manukato makali ya maua. Anaingia, ananusa, anaweka mguu mmoja, anautikisa, kisha anatoka na kwenda kukojoa kwenye zulia la mlangoni. Zulia hilo liko karibu na mahali tunaposalia, na ingawa paka mwenyewe si najisi, mkojo wake ni najisi, kwa hiyo jambo hili linanisumbua kweli.

Dukani kuna udongo wa bentonaiti unaoganda, lakini unatoka nje na bei yake si ndogo. Fundi seremala wa mtaani yuko tayari kunipa unga wa mbao bure, na mama mkwe ananishauri tuchote mchanga wa pwani. Isitoshe, nina ujauzito, na baadhi ya ndugu wanasema paka aondolewe kabisa nyumbani. Naomba ushauri wa watu wanaofuga.

Mama wa Paka Watatu:

Hongera kwa ujauzito, dada. Mguu anaoutikisa paka wako unajibu nusu ya swali lako. Paka wa nyumbani wametokana na paka-mwitu wa nchi kavu za Afrika ya Kaskazini na Asia ya Magharibi, na hadi leo wengi wao hupenda chembe ndogo, laini, zinazochimbika na kufukika kwa urahisi. Wako amekulia kwenye udongo wa chini ya mwembe. Chembe kubwa zenye ncha zinamkera nyayo, na manukato ambayo kwetu sisi ni mazuri, kwa pua yake ni ukali mtupu, hasa chini ya kifuniko kinachoizuia harufu isitoke.

Kwa hiyo mimi ningechagua bentonaiti isiyo na manukato, yenye chembe ndogo kabisa. Ikipata mkojo huvimba na kugandamana kuwa donge, ukaliinua donge zima kwa upawa wenye matundu na kuacha sehemu kavu ilivyo. Hapo ndipo bei yake inapopungua makali, kwa sababu humwagi beseni lote kila mara, unaongeza tu kiasi kilichotoka. Kabla ya kununua mfuko mkubwa, nunua mdogo, mimina maji kidogo juu yake na usubiri: donge likivunjikavunjika unapoliinua, mkojo utabaki chini na harufu itabaki nao.

Beseni nalo lina neno. Ondoa kifuniko, tafuta beseni ambalo urefu wake unafika mara moja na nusu ya urefu wa paka kuanzia puani hadi mwanzo wa mkia, jaza mchanga kina cha sentimita 5 hadi 7, na uliweke mbali na chakula chake. Ukiweza kuweka mabeseni mawili mahali tofauti, ni bora zaidi.

Nikumbushe pia kwamba majivu, ambayo wazee wetu wengi waliyatumia, yana kasoro ya kusambaa nyumba nzima kwa nyayo za paka. Malalamiko hayo hayo ndiyo yaliyomfanya Edward Lowe wa Michigan, Marekani, ampe jirani yake udongo mkavu unaofyonza mwaka 1947, na biashara ya mchanga wa paka ikaanzia hapo. Udongo unaoganda ulikuja baadaye, katika miaka ya 1980.

Fundi Randa:

Nachangia upande wa unga wa mbao, maana ndiyo kazi yangu. Si kila unga unafaa, na kitu cha bure kinaweza kumdhuru mnyama. Muulize fundi wako anapasua mbao gani. Mbao za kupaulia huwa zimetiwa dawa ya mchwa, na mara nyingi utaziona zina rangi ya kijani kijani. Unga wake usiuingize ndani. Mbao za MDF, yaani zile za nyuzi za mbao zilizogandamizwa, zina gundi, nazo ziepuke. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kubana kifua hata kwetu sisi tunaolizoea, sembuse paka anayelichimba kwa pua yake mwenyewe na kisha kujilamba manyoya.

Unaofaa ni unga wa msonobari mkavu usiotiwa dawa. Uchekeche kwa chekecheke ya nyavu ndogo ili vumbi jepesi lidondoke, ubaki na chembe zenye uzito kidogo. Maranda yale marefu yaliyojikunja usiyatumie, kwani mkojo unapita katikati na kutuama chini. Unga mzuri hufyonza na hupunguza harufu, ila haugandi, kwa hiyo ni lazima beseni lote limwagwe mara kwa mara. Kwa mtu wa ghorofa ya nne, kushuka na mfuko kila baada ya siku mbili tatu ni kazi, na hilo lipime kabla hujaamua.

Daktari wa Wanyama, Mombasa:

Kabla ya kuzungumzia mchanga, naomba tumtazame paka. Je, anapokojoa kwenye zulia anatoa mkojo wa kawaida, au anachuchumaa mara nyingi na kutoa matone tu, akilia au akijilamba sana sehemu za siri? Paka dume mrija wake wa mkojo ni mwembamba na unaweza kuziba, na akiziba anaweza kufa katika muda wa siku chache. Ukiona dalili hizo, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo, usisubiri kubadilisha mchanga. Kama mkojo ni wa kawaida na tabia hii imeanza pamoja na beseni jipya, basi nakubaliana na Mama wa Paka Watatu.

Kuhusu ujauzito, usimwondoe paka wako. Ugonjwa unaohofiwa ni toksoplazmosisi, unaoletwa na kimelea na unaoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Paka huupata kwa kula panya, ndege au nyama mbichi, na kwa kawaida hutoa vijiyai vya kimelea kwenye kinyesi kwa wiki chache tu baada ya kuambukizwa mara ya kwanza. Jambo kubwa ni hili: vijiyai hivyo vinapotoka havina uwezo wa kuambukiza papo hapo, vinahitaji siku 1 hadi 5 kukomaa. Kinyesi kikitolewa kila siku, hatari hupungua sana. Kazi hiyo aifanye mumeo au mtu mwingine wa nyumbani. Akikosekana, vaa glavu na unawe mikono kwa sabuni. Mpe paka chakula kilichopikwa na asitoke kuwinda. Wewe mwenyewe epuka nyama isiyoiva vizuri na uoshe mboga za majani, maana njia hizo nazo huwaambukiza watu wengi.

Kwa sababu hiyo hiyo sikushauri mchanga wa pwani wala udongo wa bustani. Hujui paka wangapi wa mtaani wamejisaidia pale, na vijiyai hukaa ardhini miezi mingi vikiwa hai. Mchanga wa pwani pia haufyonzi, mkojo unashuka moja kwa moja hadi chini ya beseni.

Mkaazi wa Upanga:

Nashukuru sana. Mkojo wake ni wa kawaida na anakula vizuri. Mume wangu amekubali kazi ya upawa, nasi tutanunua bentonaiti. Je, nianze nayo mara moja, na zulia nilifanyeje?

Mama wa Paka Watatu:

Kwa kuwa silika ameshaikataa, hakuna haja ya kuichanganya. Imwage yote, osha beseni kwa sabuni ya kawaida na maji moto, likauke kabisa, kisha weka bentonaiti. Usitumie dawa za kusafishia zenye fenoli, kwani ini la paka haliwezi kuziondoa mwilini vizuri. Zulia lifue kwa maji mengi na sabuni ya unga, ulianike juani hadi harufu iishe, na usilirudishe mlangoni mpaka uone anatumia beseni. Kwa siku hizo weka beseni la pili pale pale alipozoea kukojoa. Dawa ya klorini usiimwage juu ya mkojo, kwani vikikutana hutoa hewa inayochoma mapafu.

Madonge yafungeni kwenye mifuko miwili na kuyatia kwenye pipa la taka. Msiyamwage chooni hata kidogo, kwa sababu udongo huo ukivimba ndani ya bomba la ghorofa, mtaziba choo cha jengo zima.