Mjadala: Mtaa mkuu wa maduka ufungwe kwa magari, au uachwe?

Mleta Hoja
Wakuu, katika miji mingi mtaa mkuu wa maduka unakufa. Watu wanapita tu, hawasimami. Copenhagen, Denmark, waliondoa magari mtaa wa Strøget mwaka 1962, wafanyabiashara wakalia kwamba wamekwisha, na leo mtaa ule umejaa watu. Mimi naunga mkono magari yatoke. Nyie mnasemaje?

Mwenye Kaunta
Wanaoandika haya hawajawahi kulipa kodi ya fremu. Mteja wangu anaegesha, ananunua, anapakia, anaondoka. Mkimnyima maegesho atakwenda kwenye maduka makubwa ya nje ya mji. Mbona hamtaji Kalamazoo kule Marekani? Walifunga mtaa 1959, wakarudisha magari 1998. Chicago nao State Street, 1979 mpaka 1996. Halafu juu ya hayo tunaambiwa kila mlango uwe na mteremko. Mlango wangu una ngazi mbili tu, na sijawahi kuona mtu wa kiti mwendo akija kununua.

Kitimwendo
Ndugu, hujaniona kwa sababu siwezi kuingia. Ngazi mbili kwangu ni ukuta. Unajua ninavyonunua? Naita kutoka nje mpaka mtu anisikie, naletewa vitu viwili vitatu alivyonichagulia yeye, navipima kwa macho huku wapita njia wananitazama. Nina fedha zangu. Usigeuze kutokuwepo kwangu kuwa ushahidi kwamba sihitaji duka.

Mama Pacha
Na si yeye peke yake. Kigari cha watoto wawili hakipandi ngazi. Mzee mwenye goti bovu hapandi. Hata anayekuletea mzigo kwa mkokoteni hapandi, muulize.

Mleta Hoja
Nakubaliana nanyi, lakini tusitoke kwenye swali la magari. Tena Chicago hawakufunga kabisa, mabasi yaliendelea kupita.

Mwenye Kaunta
Nimesema sijaona, sikusema sitaki. Msinifanye katili. Haya, pigeni hesabu: ngazi zangu zina kimo cha sentimita 30. Kiwango kinachotumika sana ni 1 kwa 12, yaani kila sentimita 1 ya kimo inataka sentimita 12 za urefu, kwa hiyo mteremko unataka mita 3.6. Niuweke wapi? Nikiutoa nje nimeziba njia ya watu, nikiuingiza ndani umekula nusu ya duka.

Mpangamiji
Hesabu yako ni sahihi, na ndiyo sababu kazi hii haiwezi kuachiwa duka moja moja. Mtaa ukifumuliwa, njia yenyewe inainuliwa ifikie vizingiti, mradi mifereji ichimbwe vizuri maji yasiingie madukani. Pontevedra, Uhispania, walianza hivyo mwaka 1999 chini ya meya Miguel Anxo Fernández Lores: katikati ya mji waliweka barabara na njia ya waenda kwa miguu usawa mmoja. Gari la mzigo linaingia, la mtu mwenye ulemavu linaingia, linakwenda taratibu. Linalozuiwa ni lile linalopita tu kwenda kwingine.

Fimbo Nyeupe
Hapo hapo simama. Huo usawa mmoja unaousifu ndio unaonitisha. Ukingo wa barabara ndio unaoniambia nimefika mwisho. Ukiuondoa, najikuta katikati ya magari bila kujua nilivuka saa ngapi, na nyie wapangaji husema mvukaji na dereva watatazamana machoni, wakati mimi sioni! Mwaka 2018 serikali ya Uingereza iliziomba halmashauri zisimamishe miradi mipya ya namna hiyo, kwa sababu watu wasioona walilalamika sana.

Mpangamiji
Ndiyo maana kuna vigae vya vinundu, vya kumwongoza asiyeona. Seiichi Miyake alivibuni Japani, vikawekwa Okayama mwaka 1967.

Fimbo Nyeupe
Navijua kuliko wewe, navisoma kwa miguu. Swali ni nani anaviacha wazi. Kila nilipokuta vigae hivyo mbele ya maduka, juu yake kuna meza, bango au pikipiki. Nimeumia muundi mara nyingi, na aliyepanga bidhaa ananiuliza kwa nini siangalii ninakokwenda.

Kitimwendo
Na mimi nikikwepa meza hiyo hiyo nashukia barabarani, maana sina kwa kupita.

Mwenye Kaunta
Sasa tumehamia kwenye bidhaa zangu. Dada Fimbo Nyeupe, pole kwa kuumia, nasema kwa moyo. Lakini bidhaa zikikaa ndani, hakuna anayejua nauza nini. Nje ndiko mteja anakoziona.

Mama Pacha
Mteja gani huyo? Ulisema anakuja na gari. Wa gari haoni meza yako, anaona nafasi ya kuegesha. Anayeiona ni mpita njia, naye ndiye unayembania njia.

Mleta Hoja
Asante mama! Uchunguzi uliofanywa Bloor Street, Toronto, Kanada, uliotolewa mwaka 2009, ulikuta wanaokuja kwa gari ni mmoja kati ya kumi hivi, huku wenye maduka wakidhani ni wengi zaidi. Basi magari yatoke.

Mwenye Kaunta
Toronto ni Toronto. Mimi siondoi meza peke yangu. Jirani akibaki na yake nje, wateja wote ni wake. Halmashauri ichore mstari mmoja kwa maduka yote, nami nitaufuata siku hiyo hiyo.

Fimbo Nyeupe
Mstari mimi siuoni, kaka. Wekeni kitu ambacho fimbo itakigusa.