Mjadala: Mafuta yakipanda, ushuke kwenye super ya kawaida au ubaki na petroli ya bei juu?

Mwanzisha mada, Nairobi

Kila tarehe 14 jioni EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya, ikitangaza bei mpya, swali ni lilelile kwenye makundi ya wenye magari: nani bado anaweka petroli ya bei juu, V-Power na wenzake, na nani ameshuka kwenye super ya kawaida? Naliweka mezani, na nianze na msimamo wangu.

Kwanza tuelewane kuhusu bei. EPRA hupanga bei ya juu kabisa ya super, dizeli na mafuta ya taa. Petroli ya bei juu haimo kwenye orodha hiyo, muuzaji hujipangia. Septemba 2022 ruzuku ya petroli ilipoondolewa, super hapa Nairobi iliruka kutoka 159.12 hadi 179.30. Julai 2023 VAT ya mafuta ikapanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na Oktoba mwaka huo lita ikafika 217.36. Ninaowafahamu wengi walishuka kwenye super kipindi hicho. Bei ilipolegea mwaka 2024, wakarudi walikotoka.

Nasema walikosea mara zote mbili. Walipoondoka waliliachia bango la bei liamue jambo la injini, na walivyorudi ni vivyo hivyo. Kama gari yako haihitaji petroli ya okteni ya juu, hukuwa na sababu ya kuinunua hata lita ilipokuwa shilingi 110. Kama inaihitaji, bei kupanda hakubadilishi chochote ndani ya silinda.

Okteni si nguvu. Ni kipimo cha jinsi petroli inavyostahimili kugandamizwa bila kujiwakia yenyewe kabla ya cheche ya plagi. Injini ya turbo au yenye mgandamizo mkubwa inautaka ustahimilivu huo. Vitz yako haina kazi nao.

Dereva wa teksi ya programu, Nairobi

Boss, hesabu zako ni za mtu anayejaza tangi. Sisi hatuongei lita. Unamwambia mhudumu wa pampu "weka ya elfu moja" na safari inaanza. Ya elfu moja kwa 179 ilikuwa lita tano na nusu. Kwa 217 ni nne na nusu na tone. Hakuna kikao cha injini hapo. Nikiweka ya bei juu napungukiwa tena, na mteja wa Syokimau hanilipi zaidi kwa sababu vali zangu ni safi.

Mwendesha boda, Kitale

Mimi niko na Boxer. Endeleeni tu, nasoma.

Fundi, Kirinyaga Road

Wacha niseme tunachokiona gereji.

Magari yetu mengi ni mitumba ya Japani. Kule kuna regular, ambayo RON yake, yaani namba ya okteni, ni kama 90, na kuna haioku, petroli yao ya okteni ya juu, ambayo haishuki chini ya 96. Vitz, Fielder, Axio, Demio, Note, zote zimetengenezwa zinywe regular ya Japani. Super yetu iko juu ya hiyo 90. Kwa hiyo mwenye Fielder anayejisikia vibaya kwa kuweka super anateseka bure. Ameshaipa gari zaidi ya ilichoomba.

Ukitaka kujua yako, fungua kifuniko cha tangi uangalie stika. Nyingi bado ziko na maandishi ya Kijapani, na simu ya kisasa inatafsiri kwa sekunde. Mark X ndiyo inayowachanganya watu: ile ya kwanza ilitaka haioku, iliyofuata ya cc 2,500 ikahamishiwa regular. Jina moja, mahitaji mawili. Halafu mtu anaandika mtandaoni "Mark X lazima V-Power" na watu elfu wanafuata.

La pili, kuhusu kusafisha. Dawa zinazotiwa kwenye petroli husafisha pale petroli inapopita, basi. Kwenye injini za kupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kama TSI za Golf, petroli haigusi mgongo wa vali za kuingizia hewa. Wanakuja wateja, vali zimejaa masizi kama sufuria ya kuni, wananiambia "lakini fundi, mimi huweka ya bei juu miaka yote." Nozeli zake ni safi, hilo sikatai. Vali haziwezi kuoshwa na kitu kisichozifikia.

Mwenye Forester XT, Nakuru

Fundi, hapo kwa Vitz nakubali. Ila mwanzisha mada asiwape watu ruhusa ya kushuka ovyo. Yangu ni turbo, stika inasema haioku, na mwaka jana nilijaribu kubana matumizi. Hapa Nakuru sikusikia kitu. Niliposhuka Mombasa na familia, gari imejaa, jua la Mariakani, nikarudi kupanda huku, injini ikaanza kugonga, ile kelele ya petroli kujiwakia yenyewe, kwenye kila mlima. Nilitia ya bei juu Voi, kelele ikaisha kabla ya Mtito Andei.

Watetezi wa super husema gari ya kisasa ina kihisi cha kugonga, kompyuta itachelewesha cheche na mambo yataenda. Ni kweli, itachelewesha. Lakini cheche ikichelewa nguvu hupungua, unakanyaga zaidi, na shilingi ulizookoa kwenye pampu unazirudisha barabarani.

Mwanzisha mada

Ndugu wa Forester, wewe ni shahidi wangu, si mpinzani wangu. Injini yako inahitaji, weka. Hata bei ikifika 250, weka. Ikikushinda, punguza safari.

Na hilo la Nakuru kunyamaza na pwani kupiga kelele lina maelezo. Hewa ya juu ni nyepesi, shinikizo ndani ya silinda hupungua, na hitaji la okteni hushuka. Turbo hufidia sehemu ya hewa hiyo, ndiyo maana gari ya turbo hainufaiki sana na urefu wa mlima. Lakini Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Mtu wa Nairobi mwenye gari ya kawaida isiyo na turbo ndiye wa mwisho kabisa kuhitaji petroli ya bei juu, na ndiye anayeinunua zaidi, nadhani kwa sababu ndiye mwenye hela.

Mdau, Dar es Salaam

Wakuu, salaam. Huku kwetu EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, hutoa bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi. Agosti 2022 petroli Dar ilifika shilingi 3,410 za kwetu kwa lita, na hiyo ni pamoja na serikali kutia ruzuku. Mtaani kwangu sheli zina petroli ya aina moja, kwa hiyo mjadala wenu wa kushuka na kupanda haupo. Mjadala wetu ni uende sheli gani.

Hofu ya hapa kwa miaka mingi ilikuwa uchakachuaji. Mtu anachanganya mafuta ya taa kwenye petroli, okteni inaanguka, gari linagonga, mwenye gari anadhani anahitaji petroli ya gharama zaidi. Ndiyo maana mafuta yakaanza kutiwa vinasaba, yaani kemikali ya alama ya kuyatambua, tangu 2010. Swali langu kwa ndugu zetu wa Kenya: mnalipa ziada kwa ajili ya okteni, au mnalipa ziada ili muwe na amani kwamba hamkuchakachuliwa?

Mwanzisha mada

Mkuu, umegusa penyewe. Wengi ni amani ya moyo. Hapa Kenya mchezo wa mafuta ya taa ulipunguzwa mwaka 2018, serikali ilipoweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili pengo la bei lisimvutie mchanganyaji. Maskini anayepikia jiko la mafuta ndiye aliyelipia usafi wa petroli ya mwenye gari. Hilo lina mjadala wake siku nyingine.

Kumbuka pia kwamba kiwanda cha kusafishia mafuta cha Mombasa kilisimama 2013. Mafuta huja yakiwa tayari, mengi yanashuka Kipevu na kusukumwa bara kwa bomba la KPC, kampuni ya mabomba ya Kenya. Super ya kituo chenye taa nyingi na super ya kituo cha kona zimesafiri pamoja. Kinachoweza kuzitofautisha ni dawa inayoongezwa baadaye, na uaminifu wa mwenye tangi.

Wazee hapa watakumbuka pampu mbili za zamani, regular na super, enzi za petroli yenye madini ya risasi iliyokoma mwanzoni mwa 2006. Wakati huo super ndiyo ilikuwa ya wenye nazo. Regular ikaondoka sokoni, super ikabaki peke yake, ikawa ndiyo "ya kawaida". Watu wakaanza kutafuta ya juu yake.

Mkenya, Minnesota

Niongeze ya huku, maana huku chaguo ni la kila siku: 87 ambayo ndiyo regular, 89, na 91 au 93 ambayo ndiyo premium. Tahadhari kwanza: namba hizi si RON. Marekani hutumia wastani wa vipimo viwili, kwa hiyo 87 ya huku ni kama RON 91 au 92. Usisome mtandao wa Kimarekani ukadhani 93 yao ni sawa na 93 ya kwenu. Kwenye majimbo ya milimani kama Colorado wanauza hata 85, kwa ile sababu ya hewa nyepesi iliyotajwa hapo juu.

Mwaka 2016 chama cha madereva cha AAA kilikadiria kwamba Wamarekani milioni 16.5 waliweka premium kwenye gari la regular angalau mara moja ndani ya mwaka, na kwamba hasara ya tabia hiyo ni zaidi ya dola bilioni 2.1 kwa mwaka. Mwaka uliofuata wakajaribu magari ambayo kiwanda *kinapendekeza* premium bila kuilazimisha. Matumizi ya mafuta yaliboreka kwa wastani wa asilimia 2.7 tu. Mazda CX-5 ya turbo ilikuwa wazi kuhusu hilo tangu kiwandani: nguvu za farasi 250 kwa premium, 227 kwa 87. Chagua mwenyewe, haifi.

Lakini lililonivutia ni utafiti wa wachumi Justine Hastings na Jesse Shapiro wa 2013. Waligundua kwamba bei ikipanda Wamarekani hukimbilia regular kuliko upungufu wa pesa mfukoni unavyoweza kueleza. Nusu ya pili ya 2008 uchumi ulikuwa unaporomoka na watu wanapoteza kazi, lakini kwa kuwa petroli ilikuwa imeshuka, watu wakahamia premium! Kichwani mtu ana kibubu cha mafuta, na haangalii vibubu vingine.

Dereva wa teksi ya programu, Nairobi

Hicho kibubu ndicho ile "weka ya elfu moja" yangu. Kumbe hata Wazungu.

Mhasibu, Thika

Nawapinga wote kidogo. Tuseme ziada ni shilingi 20 kwa lita. Super ikiwa 110, ziada ni asilimia 18. Super ikiwa 217, ziada ileile ni asilimia 9. Bei ikipanda, ya bei juu inakuwa *nafuu zaidi* ukiilinganisha na ya kawaida. Anayeshuka wakati bei iko juu anashuka wakati mbaya kabisa kihesabu.

Mwanzisha mada

Mhasibu, hesabu ni safi ikiwa ziada itabaki 20. Bei hiyo haina kikomo, anayeipanga anaweza kuisogeza atakavyo. Na hata ikibaki, fanya hesabu ya pili. Super ikiwa 200 na ya bei juu 220, gari inayokwenda kilomita 10 kwa lita lazima ifike 11 ndipo urudishe hela yako. Hiyo ni asilimia 10. AAA walipata 2.7 kwenye magari yaliyopendekezwa premium. Fielder itaitoa wapi asilimia 10?

Mwenye Fielder anayetumia lita 40 kwa wiki anaacha shilingi 800 kila wiki hapo kituoni. Ndani ya miezi miwili hiyo ni hela ya plagi na filta ya hewa, na chenji.

Pendekezo langu sasa, na hapa nataka kupingwa: namba ya okteni iandikwe kwenye kila pampu, kwa sheria. Marekani kuna stika ya njano yenye namba. Hapa matangazo yanasema "safi", "nguvu", "linda injini". Nimewauliza wahudumu wa vituo kadhaa namba ya RON ya wanachouza. Mmoja alinitajia bei.

Fundi, Kirinyaga Road

Namba ikiandikwa, nani ataipima? Injini ya kupimia okteni si kifaa cha kubebwa kwenye buti ya gari ya mkaguzi. Kituo kitabandika 95 na maisha yataendelea. Mimi ningetaka ukaguzi wa kushtukiza zaidi, stika baadaye.

Mdau, Dar es Salaam

Naunga mkono fundi. Vinasaba vilifanya kazi kwa sababu mkaguzi anapima palepale sheli na kufungia. Stika peke yake ni mapambo.

Mwenye Forester XT, Nakuru

Mkaguzi atakamata nini kama hakuna ahadi iliyoandikwa? KEBS, shirika la viwango, wana kiwango, EPRA wana leseni za vituo. Muuzaji akiandika 95 na sampuli ikatoka 91 maabara, mna kesi. Akiandika "nguvu", mna nini? Mimi ndiye ninayelipa ziada hapa, na ninataka risiti inayoniambia nimenunua nini.