Binti ana figo moja na maumivu ya hedhi yanazidi kila mwezi

Shangazi wa Arua:
Wapendwa, mtoto wa kaka yangu alivunja ungo mwaka jana. Siku zake zinakuja, ila upande wa kulia unamuuma, na kila mwezi afadhali uliopita. Kliniki moja ilimtibu taifodi, nyingine minyoo. Juzi kapigwa skani ya tumbo: figo ya kulia haionekani, na kando ya kizazi kuna uvimbe wenye majimaji mazito. Wanasema ni uvimbe wa yai, apasuliwe. Nifanyeje?

Mama Sauda:
Pole dada. Mpe tangawizi. Akizaa yataisha, mimi yaliisha.

Nesi Mstaafu, Kampala:
Mama Sauda, samahani, tangawizi haifungui ukuta.

Shangazi, habari yenyewe ni hiyo figo. Figo na njia ya uzazi hujengwa pamoja mtoto akiwa tumboni. Figo ikikosekana upande mmoja, kizazi nacho kichunguzwe. Wapo wasichana wenye vizazi viwili na uke uliogawanywa na ukuta. Upande mmoja uko wazi, damu inatoka. Wa pili umezibwa, damu inajaa humo mwezi baada ya mwezi. Nani atashtuka? Si hedhi anapata? Madaktari huiita OHVIRA.

Sijamwona mtoto, sisemi ndiyo hiyo. Lakini asipasuliwe kwa skani hiyo peke yake. Ombeni rufaa kwa bingwa wa wanawake. Mimi ningeanzia hospitali ya wanawake ya Mulago, huku Kampala. MRI, kipimo cha picha za ndani ya mwili, itaonyesha ukuta ulipo na unene wake. Ikithibitika, ukuta hukatwa kupitia ukeni, na uondolewe vizuri, maana tundu dogo hujifunga tena. Kwa kawaida tumbo halipasuliwi, kizazi hakitolewi. Mtu asije akachoma sindano kunyonya damu ili apate nafuu! Vijidudu vikiingia, damu ile inageuka usaha. Akiwa anasubiri, daktari anaweza kumpa vidonge vya kusimamisha hedhi.

Shangazi wa Arua:
Mungu akubariki. Baba yake anauliza: atazaa? Na ubikira je?

Nesi Mstaafu, Kampala:
Wengi huzaa, ila mimba ifuatiliwe kwa karibu. Kuzaa njiti na mtoto kutanguliza matako hutokea zaidi. La ubikira amwambie daktari mapema, asione haya, wamelizoea. Ila kuuacha ukuta si suluhisho: damu hurudi nyuma na kuharibu mirija. Akipata homa au uchafu unaonuka, msingoje tarehe ya rufaa. Mpelekeni hospitali usiku huohuo.